Safari Iliyoandikwa kwa Jina la Majidi

Mwanamkuu hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na hata Zanzibar hakutaka kuinunua hivyo. Alikaa kwenye kigoda ndani ya kibanda chake cha asali, sokoni Tabora, madumu ya manjano kushoto na kulia, simu ameibana kati ya sikio na bega, akimwacha Ghadir amalize kuisifia bahari.

Ghadir alikuwa mtoto wa Tabora hiyohiyo, wa zile nyumba za Waarabu wenye maduka ya vitambaa. Mwanamkuu alimjua tangu akienda chuoni na juzuu kwapani. Sasa alikuwa mnunuzi wa vyakula katika hoteli moja ya ufukweni, mashariki ya Unguja.

"Bei ya chumba usinitajie," Mwanamkuu alimkata. "Niambie kwanza, mwezi wa tano mna wageni wangapi?"

"Mwezi wa tano ni masika, mama. Hupungua."

"Hupungua hadi wangapi?"

"Katika vyumba themanini, labda vinajaa ishirini."

"Basi sitini vinalaliwa na mijusi. Mimi nakiombea kimoja kipate mtu. Na hiyo asali mnayowawekea Wazungu asubuhi mnaitoa wapi?"

"Tunanunua ya chupa, mjini."

"Maji ya sukari hayo."

"Mama, usinitie matatani na bosi wangu."

"Nakutoa matatani, mwanangu, sikutii."

Walivutana wiki tatu. Ghadir alianzia madumu kumi na tano, Mwanamkuu akaanzia matano, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake anamzika akiwa hai. Wakakutana kwenye tisa, asali ya miombo iliyochujwa mara mbili, na juu yake lita tatu za nyuki wadogo kwa ajili ya wageni wenye vikohozi. Hoteli nayo ikatoa siku tano kwa watu wawili, na chakula mara tatu kwa siku. Asali ikatangulia, ikaonjwa, ikakubaliwa. Chumba kikawa kimekwisha kulipiwa kabla mwenye nacho hajaiona bahari hata kwa picha.

"Sasa nijibu jambo moja," Mwanamkuu alisema siku ile ya kufunga biashara. "Mtu akishakula huko kwenu, sahani anaosha nani?"

Ghadir alicheka. "Mama! Kuna watu wa kazi hiyo."

"Najua wapo. Nataka kusikia tu."

Hilo ndilo alilokuwa amelinunua. Bahari haikumshughulisha, bahari ni maji usiyoweza kupikia. Lakini alikuwa na miaka hamsini na sita, na tangu alipofikisha saba hajapata kula chakula ambacho hakukipika wala hakuiosha sufuria yake, ukiondoa siku za uzazi, nazo watu walimhesabia. Katika harusi za mji mzima alikuwa jikoni. Alitaka siku tano akae, aletewe, ale, aondoke, na sahani aiache palepale na mifupa yake.

"Niandike jina gani?" Ghadir aliuliza.

"Andika Bwana Majidi Abasi na mke wake."

"Lakini asali si ni yako, mama?"

"Wewe andika. Tangu lini mke akampeleka mume matembezi?"

Majidi alikuwa seremala wa mninga, na zamani vitanda vyake vilitoka Tabora vikaenda hadi Mwanza. Miaka sita nyuma gogo lilimwangukia mgongoni. Hakufa, wala hakupona. Akawa mtu wa kuegemea ukuta na kunywa kahawa. Mwanamkuu akaingia kwenye asali, na tangu siku ya kwanza akautangazia mji kwamba mtaji ni wa Majidi, yeye mwanamke anakaa dukani tu. Alifanya hivyo kumstiri mumewe, ni kweli, lakini asisifiwe kupita kiasi: uongo huo ulikuwa pia mzani mzuri. Mrina asali akikaza bei, Mwanamkuu alivuta pumzi akasema, "Mimi ningekupa, baba, ila mwenye mali hatakubali." Bei ikashuka. Kwa mtu asiyekuwepo hakuna wa kubishana naye.

Majidi alikuwa na mke wa pili, Najiat, kule Bukene, aliyemwoa miaka tisa iliyopita alipokwenda kutengeneza milango ya madrasa. Kila zamu yake ilipofika alipanda treni ya Mwanza akaenda. Nauli ilitoka kwenye asali. Hata kilo tano za sukari alizobeba zilitoka kwenye asali, maana Mwanamkuu hakutaka ije isemwe kwamba mume wake hufika kwa watu mikono mitupu.

Safari ilipangwa kichwani mwake kipande kwa kipande: basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar es Salaam, boti ya asubuhi hadi Unguja. Madera mawili mapya aliyanunua kwa bei ya moja na nusu. Ilikuwa takriban njia ileile waliyoipita wazee wa mama yake, pembe za ndovu mabegani, miezi mitatu hadi pwani.

"Wao walifika wamebeba," alimwambia Majidi wakiwa uani. "Mimi nitafika begi langu limebebwa na mtu wa hoteli."

"Na langu?"

"Lako pia. Wewe una mgongo."

Majidi akacheka. Siku hizo alikuwa anacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu aliyekaa miaka sita bila la kusimulia, akipewa neno hawezi kulala nalo. Kwenye kahawa aliwaambia wenzake, "Namtoa mke wangu kidogo, nampeleka Unguja. Amechoka, maskini." Wenzake wakampa mikono. Wiki haikuisha, maneno yakapanda treni yakafika Bukene.

Najiat hakugomba. Alipiga simu, akamwamkia mumewe, akauliza hali ya mgongo, kisha akasema, "Nasikia unakwenda na mke. Nimeona niulize ni yupi, maana mimi nilidhani na mimi ni mke."

Majidi alikosa usingizi kwa neno hilo. Alikuwa mtu wa dini, na zaidi ya dini alikuwa mtu wa kuogopa kusemwa. Ijumaa, baada ya sala, akarudi nyumbani na Mwalimu Nurdini wa madrasa. Wakakaa sebuleni, simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa, Najiat yupo upande wa pili. Mwanamkuu alikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa.

"Jambo hili halina ugumu," Mwalimu Nurdini alisema. "Mtume alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake, na ambaye kura yake ilitoka ndiye aliyekwenda naye. Ila kwanza nikuulize, Majidi. Safari hii ni yako? Maana kama mke mmoja ametoa mali yake akakualika, hapo hapana kura. Mali ya mke ni ya mke."

Mwanamkuu aliona, katika upenyo wa pazia, mumewe akigeuza macho upande wake. Akangoja. Alikuwa na hakika Majidi atasema.

"Safari ni yangu, mwalimu," Majidi akasema.

Neno moja lilitosha. Angelitoa palepale, sinia mkononi, na kila kitu kingekaa sawa. Lakini lingemvua nguo Majidi mbele ya Nurdini na mbele ya Bukene, na lingemwonyesha yeye mwenyewe kuwa mwongo wa miaka sita. Na lilikuwapo la tatu, ambalo hakupenda kulikiri hata moyoni: alidhani atashinda. Wawili kwa kura moja ni nusu kwa nusu, na yeye alikuwa amekwisha funga biashara nyingi kwa nafasi ndogo kuliko hiyo.

"Bi Mwanamkuu," mwalimu aliita, "umeridhia kura?"

"Nimeridhia."

Vikaratasi viwili vikaandikwa, vikakunjwa, vikatiwa ndani ya kofia ya Majidi. Mwalimu Nurdini akapiga bismillahi, akatia mkono, akafunua.

"Najiat," akasoma.

Kwenye simu ilisikika pumzi, kisha sauti ndogo: "Alhamdulillahi." Halafu: "Dada mkubwa, uniwie radhi."

Mwanamkuu alipeleka kahawa. Alimimina vikombe vitatu na tone halikumwagika.

Mwalimu alipoondoka, Majidi alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Kwa nini wewe hukusema?"

"Ulitaka nimwambie nini Nurdini? Kwamba nalishwa?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Nani aliyesema iandikwe kwa jina langu? Mimi nilikutuma?" Majidi alikuwa amekasirika kwa hasira ya mtu aliyeshika haki kwa bahati. "Miaka sita, popote nipitapo naambiwa hongera kwa duka. Duka gani? Ulinijengea nyumba ya maneno, Mwanamkuu, ukaniweka ndani. Leo nimelala humo, unanifukuza?"

Mwanamkuu akakusanya vikombe. Katika maisha yake hakuna kilichomkera kama kukutana na bei isiyo na pa kushukia.

Jumatatu Ghadir alipiga simu. "Mama, shikamoo. Nakamilisha karatasi. Nina jina la mzee. La mke niandike lako, sivyo?"

Huo ulikuwa mlango mwingine, na mara hii hapakuwa na mwalimu wala pazia. Akisema "langu", hoteli ingemjua yeye tu, na kura ya kofia ingebaki Tabora na kofia yake. Lakini Mwanamkuu alikuwa amefanya biashara muda mrefu bila risiti wala mwanasheria. Alichokuwa nacho ni kwamba akishasema "nimeridhia" mbele ya mashahidi, harudi nyuma. Warina walimwachia asali ya wiki nzima kwa neno hilo.

"Marahaba. Andika Najiat."

"Najiat ni nani, mama?"

"Mke wake."

Najiat alishuka Tabora siku moja kabla ya basi la Dodoma. Alikuja kibandani kumwamkia mkubwa wake, begi jipya mkononi, viatu vya kisigino miguuni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alionekana kama mtu aliyevaa kwa ajili ya picha.

"Hivyo viatu vitakutoa malengelenge kabla ya Manyoni," Mwanamkuu alimwambia. "Vaa ndala."

"Asante, dada. Ulivyoridhia, Mungu akulipe. Mwingine angenifanyia vituko."

"Unajua nani amelipia hiyo hoteli?"

Najiat alimtazama kwa mshangao. "Mume wetu. Nani mwingine?"

"Kwa mgongo ule?"

"Dada, mgongo si riziki. Riziki anayo. Miaka tisa hii hajaja kwangu hata siku moja bila kilo tano za sukari. Jirani zangu wana waume wazima, wanatafuta sukari kwa kijiko." Akatabasamu, akakaza mshipi wa begi. "Tusimpunguzie heshima yake, dada. Wanaume kama yule wamebaki wachache."

Mwanamkuu aliifuta kaunta ambayo haikuwa chafu. Sukari ile alikuwa ameipima mwenyewe, na akiifunga alikuwa akisema moyoni, kilo nne watamwona bahili.

Wakaenda. Siku ya tatu ya safari hiyo, Jilala, mrina wa Ntalikwa, alifika na baiskeli yake, madumu mawili nyuma. Alipomwona Mwanamkuu akashangaa.

"Hee! Uko hapa? Si nilisikia mnakula raha Unguja, wewe na mzee?"

Amne, muuza karanga wa kibanda cha pili, akainua kichwa naye asikie. Mwanamkuu akaona liwe liwalo.

"Safari ilikuwa yangu," alisema. "Nimeilipa kwa asali, madumu tisa. Mume wangu amekwenda na mke mwenzangu. Na kibanda hiki ni changu tangu siku ya kwanza, Majidi hajawahi kutia humu hata senti."

Jilala alimkodolea macho. Kisha akaangua kicheko hadi akashika baiskeli isianguke.

"Mama huyu kwa maneno! Kesho utaniambia na vile vitanda vya mninga ulivitengeneza wewe!"

"Sikutanii, Jilala."

"Wivu huo, bibi," Amne akadakia, akicheka naye. "Kura imekukataa, sasa unamvua mzee wa watu hadi duka? Mwenye mali hatakubali, mwenye mali hatakubali, kila siku tunakusikia. Leo mali imekuwa yako?"

Soko likacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Ni cha watu waliokuwa wakimpenda.

Mwanamkuu akaacha. Akafungua dumu la kwanza, akachovya kijiti, akaonja, akataja bei. Ilikuwa bei ya haki, na kwa mara ya kwanza hakumtaja mtu mwingine. "Hiyo ndiyo yangu," alisema. "Na hiyo ndiyo ya mwisho."

Jilala alikuna kidevu. Akalifunika dumu lake polepole, akalirudisha juu ya baiskeli, akaanza kukaza kamba ya mpira.

"Usichukie, mama," alisema. "Kwa bei hii, acha nimngoje mwenyewe arudi."