Msiba wa Raskazone usio na marehemu

Leo nimepewa pole ya msiba, na hakuna aliyekufa.

Asubuhi nilimpeleka mama ufukweni Raskazone kupunga upepo. Bajaji ilitushusha karibu kabisa na mwarobaini, maana magoti yake hayataki safari. Tukatandika mkeka, tukajitanda kanga, tukanyamaza.

Mama yangu nyumbani hakai dakika tano bila ungo wa mchele mapajani. Leo anatazama bahari tu. Niliogopa hata kukohoa, asije akakumbuka kazi.

Mara dada mmoja mwenye kikapu cha mchicha akasimama. Akavua viatu, akajifunika kichwa, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Poleni sana. Mazishi saa ngapi?"

Mama akamjibu taratibu, "Hakuna msiba, mwanangu. Tumekaa tu."

"Mmekaa tu? Siku ya kazi?"

Nikajua basi tena, mama atanyanyuka kwa aibu.

Dada akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Akatazama maji. Viatu hakuvivaa.

"Hebu sogeeni kidogo."

Jamani, hivi kwetu mtu hawezi kukaa kimya mpaka afiwe?

Tumeondoka saa sita. Yeye tumemwachia mkeka.