Mke Wangu Aliwaambia Majirani Kwamba Nakojoa Kitandani

Mlinzi wa getini ndiye wa kwanza kunipa pole.

Ilikuwa asubuhi, natoka kwenda kazini, nimechomekea, viatu vinang'aa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyoshikana msibani.

"Pole, Bwana Afya. Haya mambo yapo. Hata baba yangu mdogo yalimpata ukubwani, akapona kabisa."

"Mambo gani?"

Akaangalia pembeni. "Wewe nenda kazini tu. Ila jioni usinywe maji mengi."

Nikaenda zangu. Nikajisemea, huyu leo kaamka vibaya.

Jioni narudi, fundi cherehani wa chumba cha chini, mama mtu mzima na heshima zake, akaniita kando. Akanipa kifurushi kimefungwa gazeti.

"Kafungulie ndani, mwanangu. Wala usione haya. Kilikuwa cha kitinda mimba wangu."

Kiherehere changu, nikafungulia kwenye ngazi. Ulikuwa mpira wa kutandika juu ya godoro. Ule wa watoto. Una picha za bata.

Ndugu zangu, nina miaka thelathini na minane.

Mke wangu nilimkuta anapiga pasi. Nikaubwaga ule mpira mezani. "Hiki nini?"

Akautazama, akaendelea na pasi yake. "Bata," akasema.

"Umewaambia nini watu?"

"Kaa kwanza."

Ukiona umeambiwa ukae kwanza, ujue mambo si mambo. Nikakaa.

Kumbe juzi yake alikuwa ametoa godoro letu kulianika uani. Na nyie mnajua, godoro likionekana juani kila apitaye lazima aulize, na jibu lake ni moja tu tangu dunia iumbwe: mtoto kakojoa. Fundi cherehani akapita, akauliza. Mke wangu akajibu kwa mazoea, "Kakojoa."

"Nani? Si hamna mtoto nyie?"

Na mke wangu, mwanamke ninayempenda kwa moyo wangu wote, akasema, "Mume wangu."

"Sasa kwa nini hukusema ukweli?"

Akaiweka pasi chini. "Niseme tuna kunguni? Wewe kazi yako ni kufungia watu biashara kwa uchafu. Kesho yake kila mtu angejua Bwana Afya analala na kunguni. Nikayapima yote mawili, nikachagua linalofulika."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Alikuwa amesema kweli tupu.

Ndiyo, mimi ni bwana afya. Nakagua mabucha, saluni, migahawa na nyumba za wageni. Nikiingia mahali na koti langu jeupe na karatasi zangu, watu wanaficha hata vile visivyo vichafu. Sina shamba, sina ukoo wa maana, sura yenyewe ya kuazima. Nilichonacho ni hilo jina tu. Kunguni wangenivua hilo jina, nibaki na nini?

Lakini kuna jambo sijawaambia, na ndilo linalonitia aibu mpaka leo kuliko huo mpira wa bata.

Wiki mbili kabla, shangazi wa mke wangu alikuja kututembelea. Huyu ndiye aliyemlea mke wangu tangu ana miaka minne. Akakaa wiki nzima. Na wiki hiyo hiyo tukaanza kuamka na vipele vimejipanga mstari mikononi, vitatu vitatu. Nikainua shuka, nikaona madoa meusi kwenye mishono ya godoro. Mimi mtaalamu, nikajumlisha moja na moja nikapata shangazi.

Siku anaondoka nikamsindikiza mpaka getini. Pale mbele ya mlinzi nikamwambia, "Shangazi, samahani, naomba nikague begi kidogo. Ni utaratibu tu."

Sikulikagua. Nililimwaga.

Vitenge viwili. Dawa ya miguu. Miwani iliyofungwa uzi. Na soksi za mtoto mchanga za kufuma kwa mkono, moja imekamilika, nyingine nusu, bado ina sindano zake. Fundi cherehani anaona, mlinzi anaona, watoto waliokuwa wanacheza mpira wameacha mpira. Kunguni, hata wa dawa.

Shangazi akainama, akaokota kimoja kimoja. Soksi aliziokota mwisho, akazipangusa vumbi. Akafunga begi lake, akaondoka. Mke wangu hakunisemesha siku nne.

Nami bado nikajiambia, watakuwa walishateremka ndani ya nyumba, ndiyo maana begi tupu. Mtu akishaamua kuwa mjinga hakosi ushahidi.

Basi tukaanza vita.

Jemadari mimi. Nikapuliza dawa ya mbu chupa nzima. Tuliokohoa ni sisi. Kunguni walihama ukuta huu wakaenda ule. Nikapaka mafuta ya taa kitandani, tukalala tunanuka kama jiko la zamani. Nikatangaza tuhamie sebuleni, maana huko hawajui njia. Siku ya tatu wakawa wanaijua, na kochi nalo likawa lao.

"Hivi haya umejifunzia wapi?" mke wangu akauliza.

"Kwenye semina ya wadudu. Nina cheti."

"Na kunguni mlisoma?"

"Siku ya kunguni nilikuwa nje, naongea na simu."

Akaninyang'anya ujemadari hapo hapo. Akachemsha maji, mashuka na foronya zote zikaingia. Mishono ya godoro akaipiga pasi ya moto polepole, kidole kwa kidole. Visivyofulika akavifunga kwenye mifuko myeusi ya plastiki, akaviweka juani kutwa nzima, siku baada ya siku. Kitanda akakivuta mbali na ukuta, kila mguu ndani ya kopo la maji ya sabuni. Nyufa za ukuta akaziziba. Halafu akatandika shuka jeupe pe, akakaa na tochi ya simu.

"Kunguni hana mabawa," akasema. "Lazima ametembea. Na aliyetembea ana alikotoka."

Akafuata vile vidoa vyeusi ukutani kama mtu anayesoma barabara kwenye ramani. Vikapanda, vikapinda, vikaishia juu ya kabati. Juu ya kabati kulikuwa na kitu kimoja tu.

Begi langu la safari.

Akaliteremsha kwa vidole viwili, akalifungua uani, akageuza kitambaa cha ndani. Mishono yote imejaa. Mayai meupe kama chenga za mchele, magamba waliyojivua, na wenyewe wamelala wamevimba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na mimi miaka yote nilidhani ni methali."

Sikuwa na pa kuweka uso. Begi lile nililisafiria mara ya mwisho wiki moja kabla shangazi hajaja. Safari ya kikazi, mji wa jirani. Nilifika nyumba ya wageni nimechoka, begi nikalitupa kitandani, nami nikajitupa pembeni yake. Asubuhi nikaamka na vipele, nikalaumu mbu.

Aibu ikageuka hasira, maana hasira ni nyepesi kubeba. Kesho yake nikavaa koti langu jeupe, nikapanda basi la kwanza. Nilitaka kuifunga ile nyumba ya wageni kwa kufuli na misumari.

Nilipofika sikusalimia mtu. Nikapanda moja kwa moja mpaka chumba namba saba, nikainua godoro. Jamani. Palikuwa na mkutano mkuu pale, na wajumbe walikuwa wametimia.

Nikashuka mapokezi. Dada wa mapokezi alikuwa anakunja taulo.

"Nafunga," nikamwambia. "Hapa hapajawahi kukaguliwa hata siku moja."

"Pamekaguliwa."

"Na mpumbavu gani?"

Akanyoosha kidole ukutani, nyuma yake. Palikuwa na karatasi ndani ya fremu, imefutwa vumbi vizuri. *Vyumba vyote thelathini vimekaguliwa. Magodoro yote yameinuliwa. Hakuna wadudu.*

Chini kuna saini yenye mkia mrefu unaorudi nyuma ukajipiga fundo. Nilianza kuipiga saini hiyo nikiwa darasa la sita, nikijiandaa kuwa mtu mkubwa.

"Ulikaa kiti hicho hicho," dada akasema, wala si kwa ubaya. "Nikakupa funguo upande juu. Ukaniambia huna haja, unaiamini sura yangu. Ukasaini soda yako haijafika nusu."

Nikakumbuka. Ilikuwa miezi mingi kabla ya kulala pale, na siku ile nilikagua nyumba tisa kabla ya chakula cha mchana, zote zina mapazia ya kahawia, sikuweza hata kuzitofautisha.

"Na mimi nilikuwa nawaona hao wadudu," akaongeza. "Uliposaini nikadhani labda nyie wataalamu mna macho mengine."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu. Sikuruka hata soda. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa simu yake. Namba ya shangazi ilikuwa tayari inaita.

Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Upande wa pili nasikia sindano za kufumia zinagongana.

"Mwanangu, mimi nimekusamehe," akasema mwishowe. "Ila ulinikagua getini, si chumbani. Jumamosi saa nne nakuja. Nitakukuta pale pale, na begi lako. Nawe utalimwaga."

"Shangazi, pale watu wengi."

"Hata siku ile walikuwa wengi."

Simu ikakatika. Nikamgeukia mke wangu nikamwambia, jamani, nikifanya hivyo kazi yangu imekwisha, jina langu limekwisha. Bora hata niendelee kuwa kikojozi. Kikojozi anaonewa huruma, anapewa na mpira.

"Ni uamuzi wako," akasema. "Ila Jumamosi begi moja litashuka ngazi hizi. Lisiposhuka lako, litashuka langu."

Niliwaza siku tatu. Mke wangu aliendelea kuchemsha mashuka.

Jumamosi shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mlinzi, miguu ameikutanisha, mkoba mapajani. Fundi cherehani alikuwepo. Watoto wa mpira walikuwepo. Kulikuwa na mpaka mwalimu wa ghorofa ya juu ambaye siku ile ya kwanza hakuwepo, naye kajitokeza, sinema ya bure haikosi watazamaji.

Nikashuka na begi, nikalitoa kwenye mfuko tuliolifungia. Nikaligeuza chini juu. Nikalipiga kofi mgongoni.

Wakaanguka. Wanne wakubwa, wakaanza kutembea juani taratibu, bila wasiwasi wowote.

"Hawa ni kunguni," nikasema. "Ni wa kwangu. Nimewaleta mimi, kwenye begi langu, kutoka kwenye nyumba niliyoisaini mwenyewe bila kuinua godoro hata moja. Shangazi hakuleta kitu. Nilimwonea. Na mimi sikojoi kitandani."

Watoto wa mpira wakasogea kuwaona.

Kisha fundi cherehani akajikuna shingo.

"Kwani na kwako wapo?" akauliza.

"Na kwako?"

"Mwanangu, yule kitinda mimba wangu ana miaka kumi na sita. Nyumba nzima inajua anakojoa. Hajakojoa tangu aache kunyonya."

Mwalimu wa juu akakohoa. Akasema yeye alidhani ni mzio wa sabuni. Mwingine akasema kwake ni mwezi wa pili sasa. Kumbe jengo zima tulikuwa tunaanika magodoro kwa zamu na kuwasingizia watoto, huku kunguni wanapita ukutani kutoka chumba hadi chumba. Wao tu ndio waliokuwa hawafichani.

Tukamwita mpuliza dawa wa kweli. Vyumba vyote vinane kwa siku moja, na tena baada ya wiki mbili, maana mayai hayafi kwa mkupuo wa kwanza. Siku ile magodoro yalijaa uani na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Kazini nilijisalimisha mwenyewe. Nikapewa barua ya onyo na orodha ya zile nyumba tisa nizirudie. Saba zilikuwa nao. Siku hizi kwenye nyumba za wageni wananiita Inua Godoro, na hawaniiti kwa mapenzi.

Shangazi alipanda juu siku ile ile, akanywa chai. Kabla ya kuondoka akafungua mkoba, akamkabidhi mke wangu zile soksi. Ya pili ilikuwa imekamilika.

"Mkimpata wa kuzivaa," akasema, "mtaanika godoro kwa sababu ya halali."

Mke wangu alilia. Mimi pia, ila niliinama kama natafuta kitu chini ya kochi. Na kwa kuwa nilishainama, nikakagua mishono.

Basi nanyi msomao, mkisafiri msitupe begi kitandani. Liacheni bafuni au juu ya meza, inueni shuka, mulikeni kona za godoro kwanza, hata kama mwenye nyumba ana sura ya malaika. Mkirudi, nguo ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto, na begi lipigwe jua kabla halijaingia ndani. Wakiwapata, semeni mapema, siyo uchafu, ni mgeni tu asiyekaribishwa. Na kabla hujamwaga begi la mtu getini, anza na lako.

Jumatatu yake natoka kwenda kazini, mlinzi hakunipa mkono. Alikuwa amesogeza kigoda chake hatua tatu nyuma, na mikono kaitia mifukoni.

"Bwana Afya," akasema, "usinichukulie vibaya. Ila ule ugonjwa wa kwanza ulikuwa na afadhali."