Mbegu Zinazoogelea Mbili Mbili

Mama mkwe alipohamia kwetu Migori kutoka Sindo, alipewa chumba nilichokuwa nikisomea. Nikahamia jikoni na vitabu vyangu. Nilikuwa mwalimu wa biolojia nikimalizia shahada ya pili, na utafiti wangu ulihusu umbo la mbegu za kiume za wanyama wenye mfuko, jamaa za kangaruu. Kenya hawapo kabisa. Nilizijua mbegu hizo kwa picha za hadubini tu.

Jioni moja mama mkwe alichungulia kompyuta yangu.

"Nyar Ntimaru," akasema; ndivyo alivyoniita kwa Kijaluo, binti wa Ntimaru, nilikozaliwa. "Hivi ni viluwiluwi?"

"Ni mbegu za mnyama anayeitwa oposumu, mama. Zinashikana vichwa mbili mbili, ndipo ziogelee moja kwa moja. Ukiitenga moja, inazunguka tu."

"Unajua ya wanyama wa ng'ambo, na nyumba hii haina mtoto."

Mume wangu alikuwa akila. Akamega tonge jingine.

Mimi nilikuwa nimepimwa, nikaambiwa sina kasoro. Mume wangu alikataa kupimwa. Kila asubuhi mama mkwe alinichemshia mizizi michungu, akasimama mlangoni hadi nimalize kikombe. Kurudi Ntimaru nisingeweza: ng'ombe wa mahari yangu ndio kaka yangu aliooa nao.

Kisha siku moja mume wangu akasema nimsindikize Homa Bay. Hakueleza sababu hadi tulipofika mlango wa maabara. Alitoa sampuli. Mpimaji aliposikia ninachosomea, akauliza kama ningependa kuangalia. Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Nikainamia hadubini. Nikatafuta vichwa, nikatafuta mikia. Nikasogeza kioo, nikasogeza tena. Niliogopa kuinua uso.

"Hakuna?" mume wangu akauliza.

"Hakuna hata moja."

Nje, kando ya ukuta, alilia huku amenishika mkono.

"Mama asijue. Nakuomba."

"Na mimi je?"

"Wewe una nguvu."

Nilimpenda, na hapo ndipo niliponaswa. Nikakubali.

Nilipohitimu tulifanya sherehe nyumbani. Mama mkwe alipiga vigelegele kuwashinda wote, kisha akanikumbatia na kuniuliza kwa upole, mbele ya wageni, kama sasa nitapata nafasi ya kumzalia mjukuu. Mume wangu alikuwa amesimama karibu yangu. Nikangoja aseme neno.

Akaenda kuongeza viti.