Kaseti ya Mama Niliyoirekodia Kantri

Jumamosi ile bado naiona, mwanangu, kama sijavua koti. Niko Tooting, dukani kwa Mzee Bhatti, fundi wa redio, Mhindi mzaliwa wa Nakuru. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mgeni London, nafagia maofisi. Nyumba yetu kule Bonde la Ufa ilikuwa imechomwa kwenye zile ghasia, na kilichonituliza ni muziki wa kantri, ule baba aliousikiliza redioni akipigapiga goti. Mzee Bhatti alikuwa na santuri za zamani kabisa, za wale waimbaji wa kwanza wa milimani kule Amerika. Akaniambia, "Lete kaseti, nikurekodie."

Sikuwa na kaseti tupu. Nilikuwa na moja tu, ya mama. Hakujua kuandika, kwa hivyo alizungumza kwenye kaseti na mtu akaniletea. Wengi tuliwasiliana hivyo.

Sasa namtaja mtu. Kimutai, niliyekaa naye chumba kimoja Woolwich, ndiye aliyesema, "Si ushaisikiliza? Bandika plasta kwenye vile vitundu vya juu vya kuzuia isifutwe, itarekodi. Mama atatuma nyingine." Yuko hai, yuko Barking, akisoma hii asinune. Lakini plasta niliibandika kwa mikono yangu.

"Hii mpya, ama iko kitu ndani?" Mzee Bhatti akauliza.

"Mpya, mzee."

Santuri ikaanza kukwaruza. Huku kaseti inarekodi, akanisimulia jinsi wale waimbaji walivyorekodiwa. Wenye mashine za kurekodi walikodi chumba mjini, wakatundika mablanketi ukutani. Watu wakashuka milimani na magitaa yao, baba, mama, shangazi. Sauti ilichorwa kwenye nta laini, na wimbo haukuzidi dakika tatu hivi. Ukiicheza ile nta hapo hapo usikie, umeiharibu. Basi mtu aliimba, akarudi kwake, hajui ameimbaje.

Nyimbo zikaisha kabla ya kaseti. Akarudisha nyuma kidogo apime sauti. Gitaa likanyamaza, kisha akatokea mama, katikati ya maneno yake: "...na uvae sweta, wanasema huko ni baridi." Akakohoa. Kuku akalia nyuma yake. Kaseti ikaisha.

Mzee Bhatti akavua miwani. "Huyu nani?"

"Mama."

"Wale walipewa dakika tatu, wakavaa nguo za kanisani kuja kuimba. Mama yako amekupa nusu saa, wewe umeweka gitaa juu yake. Toka dukani kwangu, kijana. Rudi ukiwa na akili."

Nilirudi baada ya wiki mbili. Mama hakutuma nyingine. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule.

Kantri bado naipenda, sitakudanganya. Na ile kaseti ninayo. Nyimbo nane za watu nisiowajua, kisha sweta, kikohozi na kuku.

Mwanangu, wewe unayenijibu kwa Kiingereza, simu yako imejaa sauti za bibi zako na unazifuta upate nafasi ya picha. Usifute. Mzee akisema nawe, mrekodi, andika jina lake, weka mahali pawili. Na usimsikilize Kimutai wako. Kila mtu anaye mmoja.

Mungu akujalie masikio yenye subira, na siku utakayomkumbuka mama yako, umsikie tangu neno la kwanza.