Ukurasa wa Mama Mkasi

Mtaani walimwita Mzee Lipu. Nusu ya kuta za pale zilipita mikononi mwake, na saruji nayo ikamla alama za vidole. Hata simu haikumsikia akiigusa kwa ncha ya kidole. Ilibidi aigonge kwa fundo la kidole, kama mtu anayebisha hodi.

Shule aliingia mara moja tu maishani, kupiga lipu madarasa. Namba alizijua kwa sababu ya futi kamba. Herufi hakuzijua, wala hakuona haja. Herufi zilikuwa za mkewe.

Mkewe alikuwa Mama Mkasi, mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi kilichoko nyuma ya soko. Maneno yote ya nyumba ile yalikuwa yake: kusoma karatasi za umeme, kugombana na fundi bomba, kutania majirani. Mzee alikaa tu pembeni akitikisa kichwa. Mtu akimuuliza jambo, alimtazama mkewe, na mkewe akajibu. Wakazoeana hivyo mpaka uzee. Kisha figo zikamlaza mwanamke kitandani, na hakuinuka tena.

Baada ya mazishi watu walirudi makwao. Nyumba ikabaki na kiti kimoja kilichokaliwa na kingine kisichokaliwa.

Kilichobaki ni simu ya marehemu. Alikuwa na ukurasa mtandaoni, akionyesha watu namna ya kukata kola na kutia zipu, na watu wengi mno walimfuata. Mzee ndiye aliyekuwa akimshikia simu. Kwa hiyo kila asubuhi, akishamaliza chai, aligonga kile kiduara chenye uso wa mkewe, akateremka taratibu, akapita picha za magauni, mpaka akaifikia video moja. Ndani yake Mama Mkasi anakata kwapa la blauzi. Ghafla anainua macho.

"Mzee, ninayeshona ni mimi au dari? Shusha simu!"

Kisha anacheka. Kicheko chake kilikuwa na tabia ya kukwama kooni kwanza, halafu kinatoka kwa kishindo. Mzee alisikiliza mara moja tu, akaizima simu, akaanza siku.

Sauti ile haikuwa mahali pengine popote. Mwanamke alirusha video zake moja kwa moja mtandaoni, hakuweka akiba. Mzee hakujua tofauti. Kwake yeye mkewe alikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa ndani ya mfuko wa shati.

Siku moja mchana alipigiwa na binti yake, mtoto wao wa pekee, ambaye sasa ndiye aliyefundisha lile darasa la ushonaji.

"Baba, shikamoo. Kwenye simu ya mama kuna namba zimeingia sasa hivi. Nisomee."

"Za nini?"

"Za chuo, baba. Kazi tu. Fanya haraka, zinaisha muda."

Mzee akaiweka simu ya marehemu mbali na macho, akazisoma moja moja kwa sauti ya kupimia ukuta.

"Umezipata?"

"Nimezipata. Asante sana, baba."

"Haya."

Ukweli ni kwamba alifurahi. Tangu msiba, watu walimletea chakula na pole. Hakuna aliyemwomba msaada.

Asubuhi iliyofuata alikunywa chai, akatoa simu, akatafuta uso wa mkewe. Kwenye kile kiduara palikuwa na cherehani.

Akadhani amekosea. Akazima, akawasha. Cherehani. Akapangusa kioo kwa kanzu, akagonga tena. Ukurasa ukafunguka, na hapakuwa na gauni wala mtu. Palikuwa na tangazo lenye rangi nyekundu na herufi nyingi.

Akavaa viatu, akaenda kwa fundi simu pale barabarani. Fundi alikuwa amefungua tumbo la simu ya mtu, bisibisi mdomoni.

"Shikamoo mzee wangu. Leo imekufanya nini?"

"Marahaba. Imempoteza mke wangu."

Fundi akatoa bisibisi mdomoni. Akaipokea simu, akaiangalia juu chini.

"Simu ni nzima, mzee. Ukurasa ndio umebadilishwa jina. Umeandikwa: Kozi ya Ushonaji, Nafasi Zipo."

"Teremsha. Yuko chini."

Fundi akateremsha.

"Hakuna kitu, mzee."

"Teremsha."

"Nimefika mwisho. Ni tangazo tu."

"Teremsha tena."

Fundi akateremsha tena, kwa heshima tu.

"Nani kafanya hivi?" Mzee akauliza.

"Mtu mwenye namba za siri. Na hizo lazima ziliingia kwenye simu hii hii. Kuna mtu uliyempa?"

Mzee akanyoosha mkono kuidai simu yake. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Alimkuta binti darasani peke yake, katikati ya vyerehani vilivyofunikwa. Binti alipomwona mlangoni akasimama haraka mno.

"Baba! Kuna nini? Mbona huna kofia?"

"Video ya mama yako iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya kwapa. Ananigombeza."

Binti akakaa. Akaanza kueleza, na alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele. Mkuu wa chuo alimwita. Alimwambia wanafunzi wasipofika wa kutosha muhula huu, kozi inafutwa na chumba kinawekwa kompyuta. Akaagizwa afungue ukurasa wa kuitangaza kozi. Akafungua. Ukapata wafuasi watatu: yeye, mumewe, na karani wa usajili.

"Karani akaniambia ukurasa mpya ni duka la porini, hapiti mtu. Akasema wa mama una watu tayari, nibadili jina tu. Nikamwambia ni wa marehemu. Akasema, 'Kwani marehemu anatafuta wateja?'"

"Ukabadili."

"Nikabadili, baba. Sikujua kwamba jina likibadilika linabadilika kote. Hata kwenye lile tangazo la msiba nililoliweka mwenyewe. Watu wakaona Kozi ya Ushonaji, Nafasi Zipo, halafu chini yake: ametutoka, mazishi ni Jumamosi." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Mmoja akaandika, 'Poleni wafiwa, kozi imeacha watoto wangapi?' Mwingine akauliza nafasi zipo wapi, makaburini? Ofisini walicheka mpaka karani akashika ukuta. Mkuu peke yake hakucheka. Akasema futa vyote vya zamani, kabla saa za kazi hazijaisha."

"Ukafuta."

"Sikuweza kuangalia. Kila picha ilikuwa yeye. Nilibonyeza tu, kama mtu anayemeza dawa chungu. Na lile pipa la vilivyofutwa nikalimwaga pia, karani alisema visije vikarudi."

Mzee akavuta kigoda, akakaa. Akaiweka simu mezani, juu ya karatasi za mitindo.

"Nilikusomea namba mimi mwenyewe," akasema.

"Baba, usiseme hivyo."

"Nilizisoma vizuri. Hata moja sikukosea."

Binti akaanza kulia. Ndipo mlango ukagongwa. Wasichana wawili walisimama kizingitini, mmoja ameshika simu, anaangalia kioo, anaangalia chumba.

"Samahani, ndiyo hapa penye kozi? Tumeona mtandaoni."

Binti akageukia dirishani, akajifuta uso kwa ukosi wa blauzi. Alipogeuka alikuwa mwalimu.

"Karibuni, karibuni. Ndiyo hapa. Mmewahi kushika cherehani?"

"Mimi hata sindano inanikimbia," akasema wa kwanza. Mwenzake akacheka. Kisha akamwona mzee. "Shikamoo babu. Na wewe umekuja kusoma?"

"Marahaba," Mzee akasema. "Nimekuja kuchukua kitu. Nimekikosa."

Akatoka nje, akakaa kwenye benchi la korido. Kabla ya binti kumaliza na wale wawili akaja mama mmoja na mwanawe, naye kashika simu. Baadaye mwingine. Kila aliyepita alimwamkia, na yeye akaitikia. Ukurasa ulikuwa unafanya kazi. Hilo hata yeye aliliona.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu. Binti aliongea njia nzima. Alisema atawapigia wanafunzi wa zamani, labda kuna aliyeihifadhi ile video. Alisema karani ameshaulizia, wote wamesema hapana, lakini atauliza tena. Alisema atamfungulia mama ukurasa wake mwenyewe, picha anazo.

"Picha zina sauti?"

"Hapana, baba."

Wakatembea.

"Nitukane basi, baba. Sema chochote. Nikaufunge ule ukurasa?"

"Usiufunge. Wale watoto umeshawapokea."

"Sasa nifanye nini?"

Mzee alikuwa anaitafuta sauti ya mkewe kichwani. Maneno yote alikuwa nayo: mzee, dari, shusha simu. Yalikuja yamepangana, makavu, kama kitu alichosimuliwa. Akayarudia moyoni, akangoja kile kicheko kikwame kooni kwanza. Ikaja sauti, lakini ilikuwa ya binti yake, ile ile iliyokuwa ikimwambia hapo ubavuni kwamba atajaribu, kwamba hawezi kukosa mtu aliyeihifadhi.

"Nyamaza kidogo, mama," akamwambia. "Unanichanganyia sauti."

Binti akanyamaza. Alinyamaza mpaka wakafika, akamfungulia mlango, akamwashia taa, akaondoka kimya. Na tangu siku hiyo, kila alipokuja kumtembelea baba yake, alizungumza kwa sauti ya chini.