Unacheka na Nani?

Kibanda changu cha vitabu kiko Sotik, kando ya soko, kimebanwa kati ya buchari na mama anayeuza viatu vya mitumba. Nauza vitabu ambavyo watu wengine wamekwisha kuvisoma. Vinakuja kwa magunia kutoka Nairobi na sichagui kilichomo: vya sheria za zamani, vya mapishi, vya mitihani, riwaya zilizong'oka majalada. Katika kila gunia naanza kwa kutafuta zile hadithi za ajabuajabu za kuchekesha, ambamo mbuzi ana cheo serikalini na mawingu hulipa kodi ya nyumba. Hizo siziweki mezani. Nazitia kwenye kreti chini ya kiti changu, halafu nampa yule ninayeona zitamfaa.

Watu hudhani nazipenda kwa sababu mimi ni mtu wa furaha. Nilipokuwa darasa la saba, katika fujo za uchaguzi, duka la baba yangu lilichomwa katika mji huu huu. Wazazi wangu walihamia hapa kutoka upande wa Kati kabla sijazaliwa, na mwaka huo jambo hilo lilitosha. Tulilala kanisani wiki tatu. Kitu pekee cha kusoma nilichopata mle ndani kilikuwa riwaya iliyokatika kurasa za mwanzo, juu ya bata mchawi aliyeiba kivuli cha mfalme. Niliisoma mara nane huku nje watu wakikatana. Baadaye tulirudi, baba akajenga upya, na majirani wakaanza tena kutusalimu. Mimi nikabaki na mapenzi ya vitabu vya namna hiyo.

Siku moja ya soko alikuja kwangu mama mmoja nisiyemjua, ameshika mkebe mtupu wa maziwa. Alikuwa rika langu. Alifuga ng'ombe wawili upande wa kuelekea Ndanai, na maziwa ya asubuhi alikuwa akiyaleta mjini kwenye mkahawa mmoja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufunga.

"Dada, uko na kitabu ambacho hakuna mtu anapigwa?"

"Cha watoto?"

"Changu. Nilimaliza fomu foo, Kiingereza nasoma."

Nilivuta kreti nikaanza kupekua. Haikuwa kazi rahisi kama nilivyodhani. Hata vitabu vya watoto vimejaa kipigo: sungura anapigwa, mtoto wa kambo anapigwa, jini anapigwa mpaka anatoa siri. Mwishowe nikapata kimoja juu ya mji ambao nyumba zake huamka Jumapili na kwenda kutembeleana, watu wakiwa bado wamelala ndani. Nikamsimulia kidogo. Nyumba ya kasisi inachelewa kurudi kwa sababu imepata mchumba. Choo cha nje kinalia peke yake uani kwa kuwa hakuna nyumba inayokialika chai.

Alicheka ghafla, kwa sauti. Kisha akajishika ubavu kwa kiganja na kuinama.

"Pole," alisema, kana kwamba amenikosea. "Mbavu zinauma."

Sikumuuliza ni nani aliyemuumiza. Hapa kwetu mtu akikuonyesha jicho kama lile na asiseme, unanyamaza pia, na baadaye unajiambia kwamba ulimheshimu.

Akawa mteja wangu. Kila siku ya soko alirudisha kitabu na kuchukua kingine. Alikuwa akisoma jikoni, kitabu amekilaza juu ya gunia la unga, huku akisonga ugali kwa mkono mmoja. Alinisimulia habari za mume wake kidogokidogo. Mwanamume huyo alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja kubwa la chai, akaachishwa kazi mashine za kuchuna majani zilipokuja. Sasa alishinda nyumbani, na alichokuwa nacho ni mistari michache ya chai na hasira. "Lakini alikuwa ananipiga hata akiwa na kazi," aliongeza siku moja, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu, ili nisije nikamhurumia yule mume bure.

Kisha siku mbili za soko zikapita bila yeye. Siku ya tatu alikuja mkono wake ukiwa kwenye plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Alisimama mbele ya meza yangu na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuomba msamaha.

"Kitabu chako kimechomwa."

"Achana na kitabu. Mkono?"

"Alinisikia nikicheka." Alitazama huku na huku. "Nilikuwa peke yangu jikoni. Akaingia akaniuliza, unacheka na nani? Nikamwambia, na nyumba. Nyumba imekataa kurudi kwao. Akafikiri namtukana, kwamba yeye ndiye anashinda nyumbani. Akachukua mwiko. Mwiko ukavunjika, akachukua mti wa kufungia mlango."

Alisimulia bila machozi. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Mume alitupa kitabu motoni, kisha akakaa kwenye kigoda akingoja ugali, na mkewe akamalizia kuusonga kwa mkono uliobaki mzima.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini siku ile sikumshika mkono ule mzima nikampeleka kwa polisi, au kwa chifu, au kwa mama yake. Nilichofanya ni kuvuta kreti. Nilimpa kitabu kingine, chembamba, nikamwambia, "Hiki soma ukiwa umeziba mdomo."

Nilisema hivyo kweli. Naye akakitia ndani ya blauzi, akashukuru, akaenda.

Mume alikuja wiki iliyofuata. Ilikuwa asubuhi ya soko, mvua imetoka kukatika, na mimi nilikuwa nikifunua karatasi ya nailoni niliyofunikia vitabu. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimwona tu mwanamume mwenye gambuti miguuni na shati safi, na panga ndani ya gunia, jambo ambalo halimshtui mtu siku ya soko kwa sababu mafundi wa kunoa wako pale pale.

"Wewe ndiye unauza vile vitabu vya kuchekesha?"

"Ndiye mimi. Ni chako ama cha watoto?"

"Nionyeshe ile mzuri kabisa."

Nilifurahi. Wanaume hawaulizi vitabu vile. Nikamtolea kimoja nilichokipenda sana, nikaanza kumsimulia: kuna jenerali ambaye jeshi lake lote ni mabata bukini, na kila wanapofika mtoni wanakataa kuvuka mpaka abembeleze kila mmoja kwa jina lake. Vita vinachelewa miaka minne. Mwishowe adui anachoka kungoja, anakuja kusaidia kubembeleza. Alinisikiliza ameinamisha kichwa upande, kwa makini kuliko wateja wengi. Kwa muda mfupi nilidhani atatabasamu.

"Hapo ndipo mtu anacheka?"

"Hapo wengi hucheka."

Akakiweka kitabu mezani taratibu, akakinyoosha, akatoa panga na kukikata katikati pamoja na ubao wa meza.

Pigo la pili liliangukia rafu. Vitabu vilimwagika miguuni mwangu na mimi nikateleza juu yavyo, na nadhani ndiyo sababu ningali hai, maana pigo la tatu lilikuwa la kichwa changu likaishia sikioni. Sikusikia maumivu. Nilisikia joto likishuka shingoni. Alikuwa akisema jambo moja tu, tena na tena, kila anapopiga: "Mnacheka na nani? Mnacheka na nani?" Niliinua mkono kujikinga, akanipiga kwa ubapa wa panga, vidole vikafa ganzi.

Mwenye buchari alitoka na nondo ya kutundikia nyama. Ni mtu mpole, shemasi kanisani kwake, na alimpiga yule mwanamume kwenye kifundo cha mkono. Panga likaanguka. Akampiga tena mgongoni, mwanamume akaanguka, gambuti mbili zikaruka juu.

Hapo soko zima likafika. Sijui watu walitoka wapi kwa haraka hiyo. Walimvuta kwa miguu hadi kwenye matope na kuanza. Walitumia viatu, fimbo za ng'ombe, mawe, kiti cha plastiki. Mama wa viatu alimpiga kwa kisigino cha kiatu alichokuwa akikiuza. Shati lile safi lilichanika, na nilisikia pumzi zikimtoka kila teke lilipotua.

Mimi nilisimama. Nilikuwa na nusu tofali ninalotumia kubana karatasi ya nailoni isipeperuke. Nililishika kwa mkono uliokuwa na nguvu, nikapenya katikati ya watu, na watu walinipisha kwa kuwa nilikuwa natoka damu na ilionekana ni haki yangu. Alikuwa amelala ubavu, amejikunja. Hakuwa na uwezo wa kumdhuru mtu yeyote. Nilitupa. Tofali lilimpata gotini, na lilipompata nilisikia raha, raha kamili, mwili mzima. Nikainama kutafuta jingine.

"Leteni tairi!" mtu alipaza sauti nyuma yangu. "Petroli iko hapa!" Mwendesha bodaboda alikuwa ameshaanza kufyonza mafuta kwa mpira kutoka kwenye tangi.

Sauti ile niliijua. Niliisikia nikiwa darasa la saba, nikiwa chini ya kaunta ya baba. Lakini sikuacha kutafuta jiwe. Ningependa kuandika kwamba niliacha. Nilikuwa nimeshalipata na nimeshanyoosha mgongo wakati mke wake alipoingia katikati ya duara.

Alikuwa na mkono wake kwenye plasta na mkebe wa maziwa kwenye ule mwingine. Hakujitupa juu ya mume wake wala kulia. Aliugonga mkebe kwa plasta yake, kwa nguvu, mara tatu, mpaka watu wakageuka.

"Mkimchoma, mimi nitakula nini?" alisema. "Watu wa kwao watasema ni mimi niliwalipa. Watanifukuza kwa shamba na watoto. Nataka aende kortini. Nataka aulizwe. Mimi nimeulizwa miaka kumi na moja, sasa yeye pia aulizwe!"

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakasita, na kusita kule ndiko mwenye buchari alikokuwa akikungoja. Alimshika yule mwanamume kwapani, akamburuta ndani ya buchari, akafunga mlango wa chuma. Watu waliupiga mlango ule kwa mawe karibu nusu saa, mpaka polisi walipofika na kurusha risasi hewani. Nilipokuja kutazama mkononi, jiwe langu la pili lilikuwa bado lipo.

Nilishonwa nyuzi kumi na nne. Sikio lile lililokatwa sasa husikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Nilijaziwa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, naye mke akajaziwa yake, na kesi ikaenda kortini. Nilipoandikisha taarifa polisi nilieleza kila kitu hadi panga lilipoanguka, kisha nikasema kwamba umati ulimpiga. Sikusema kwamba umati ulikuwa na mimi. Kortini, wakili aliniuliza ni vitabu vya aina gani nilimpa mke wa mshtakiwa. Nikaeleza juu ya nyumba zinazotembeleana, na watu walioketi nyuma wakacheka hadi hakimu akawanyamazisha. Mshtakiwa alitazama sakafu. Alifungwa miaka minne.

Mke wake alikuja kunitazama baada ya hukumu. Alikuwa amehamia kwa mama yake huko Ndanai pamoja na watoto na ng'ombe mmoja.

"Nilikuona ukitupa," alisema.

"Najua."

"Sikumwambia mtu. Nilifurahi, dada. Halafu usiku sikulala."

Tulinunua chai, tukainywa tumesimama. Hatujawahi kulizungumzia tena, ingawa bado ananiagizia vitabu, vitatu vitatu, na huvisoma kwa sauti kwa wanawake wenzake pale wanapongojea lori la maziwa.

Mwanamume huyo alitoka mwaka huu. Nilimwona ng'ambo ya barabara mchana mmoja, mwembamba, akivuta mguu, akingoja gari la kwenda Kisii. Mbele yangu alikuwa amesimama mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyetaka kitu cha kuchekesha cha kusoma likizo, na nilikuwa katikati ya kumsimulia habari za samaki aliyeteuliwa kuwa jaji. Macho yetu yalikutana. Mwenye buchari aliacha kukata nyama akatoka nje, kisu kikiwa mkononi.

"Halafu?" mwalimu aliuliza. "Samaki alihukumu nini?"

Niliendelea kusimulia, jaji ndani ya beseni lake, mawakili wakimbadilishia maji kila saa, mpaka gari lilipokuja, mwanamume akapanda, na mwalimu akafungua pochi.