Mama anaongea na marehemu baba, simu yangu inasema sukari ni 48

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura.

Sina kipaji cha kutunga, haya ni yaliyonipata tu. Anayebisha abishe.

Mama ana kisukari. Dada yangu aliye Ubelgiji alimletea capteur, kile kiduara kinachobandikwa mkononi. Kinapima sukari bila kuchoma kidole, kinatuma namba kwenye simu ya mama, na mimi naziona kwenye yangu. Tangu hapo nikaanza kuishi kwa amani.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, niko kazini Rohero, simu ikapiga kelele. 68, mshale chini, yaani sukari inazidi kushuka.

Nikampigia. "Mama, umekula?"

"Nimekula, Didier. Nimeshiba kabisa."

Nyuma yake nasikia watu wanaimba. Kumbe yuko Kajaga, nje ya mji, na kikundi chake cha maombi, wamefunga! Na ninavyomjua, insulini alichoma kama kawaida, maana dawa haachi. Chakula ndo aliacha.

Nikapiga tena, hapokei. Taxi kuipata na hii shida ya essence, mafuta ya gari, acha tu. Njiani 54.

Nafika, nyimbo zimekoma. Watu kama ishirini wamepiga magoti, kimya, wamemzunguka mama. Jasho linamtoka. Macho yako wazi lakini hanioni. Anaongea polepole, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tumzike baba.

"Baba Didier, sogea kidogo. Nafasi inatosha."

Mwanamke mmoja alikuwa anaandika kila neno kwenye daftari.

Simu: 48.

Nikatoa Fanta niliyonunua njiani. Kiongozi wao akanishika bega. "We kijana, apana! Usimukatize. Roho anaongea."

"Roho gani? Ni sukari imeshuka!" Nikamsukuma, Mungu anisamehe. Nikamnywesha mama kidogo kidogo, bado alikuwa anameza.

Baada ya dakika kama ishirini, 75. Akanitambua, akaanza kulia. Nikadhani ni furaha.

"Didier, baba yako alikuwa hajamaliza kusema. Sasa umenirudisha ya nini?"

Nikamshikia Fanta amalizie.

Funzo: mwenye kisukari asifunge kabla ya kuongea na daktari kuhusu insulini. Na namba ikishuka, usimwamini anayekwambia ameshiba. Mwendee.

Jana wale wa maombi wamekuja nyumbani na lile daftari. Wanaomba mama afunge tena, na capteur aitoe siku moja tu, wasikie mwisho wa maneno ya baba.

Nikamwangalia mama nikitegemea acheke. Alikuwa anakipapasa kile kiduara, kucha iko pembeni kabisa, kama anataka kukibandua.

Nyie mngemwambia nini? Semeni, ila atakayemtukana mama yangu tutakosana.